Ukakasi wa Sampuli ya Pili

Kwa siku kumi na saba Mzee Funda alikuwa akiitema chai ya mdogo wake, na kila alipoitema alijiona kama anamtema mdogo wake mwenyewe.

Si kwamba kutema lilikuwa jambo geni kwake. Ndiyo kazi iliyomlisha kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa mwonjaji mkuu katika kampuni ya kufungasha chai, na jina la Funda alibandikwa na wapakizi wa ghorofa ya chini, kwa sababu sauti yake ya kuvuta chai kutoka kwenye kijiko ilipenya sakafu ikawafikia wao waliokuwa wakigongelea makasha misumari. Mwonjaji hanywi kama wanywavyo watu. Huchota kijiko kimoja, akakivuta kwa pumzi moja kali hata chai ikatawanyika kinywani kama manyunyu, ikagusa ncha ya ulimi na kingo zake, ikapanda kaakaani, ikafika puani kwa njia ya nyuma. Kisha huitema katika ndoo ya bati na kutamka neno moja. Neno hilo ndilo linaloamua majani yaende wapi.

Chumba chake kilikuwa kirefu na cheupe, chenye dirisha pana upande usiopigwa na jua, ili rangi ya chai isidanganywe na mwanga. Mezani vilipangwa vikombe vyenye vifuniko, na mbele ya kila kikombe bakuli lake. Mwishoni mwa meza ilisimama mizani ndogo ya shaba, na katika kitanga chake kimoja, badala ya jiwe la kupimia, ililala sarafu. Mwonjaji wa kwanza wa kampuni, aliyekwisha tangulia mbele ya haki, alibaini kwamba uzito wa sarafu ile ni sawasawa na uzito wa majani yanayokitosha kikombe kimoja, gramu mbili na nukta nane, na tangu hapo hakuna aliyefikiri kutafuta jiwe lingine. Majani huwekwa kitanga cha pili mpaka vitanga viwili vitazamane uso kwa uso, yakamiminiwa maji yaliyochemka mara moja tu, yakafunikwa dakika sita, wala si tano wala si saba. Ndipo kikombe hulazwa juu ya bakuli kijichuje chenyewe.

Karibu chai yote iliyopita juu ya meza ile ilikuwa ya kusagwa, ya kupikwa na maziwa, ambayo ukali kwake ni sifa. Ya majani mazima, ya kunywewa kavu bila maziwa, kampuni iliuza aina moja tu, katika kopo jeusi, na majani yake yalitoka mahali pamoja: banda la mlimani alilolijenga baba yake Mzee Funda, na sasa likisimamiwa na mdogo wake. Mkataba ulitaka sampuli tatu kila msimu kabla kopo jeusi halijajazwa. Ya kwanza Mzee Funda aliikataa. Ya pili akaikataa vilevile. Meneja akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ya tatu ikikataliwa kopo jeusi litaondolewa sokoni, na mwenye banda atafute pa kuyapeleka majani yake. Na pa kuyapeleka palikuwa pamoja tu, kiwandani kwa wasagaji, ambako jani lililoviringishwa kwa uangalifu na jani lililofagiliwa sakafuni huingia kinu kimoja.

Mdogo wake hakungoja barua. Aliteremka mwenyewe asubuhi, viatu vimeganda udongo mwekundu, akaingia chumba cheupe bila kubisha.

"Assalamu alaikum, Kaka."

"Waalaikumu salaam. Futa miguu."

"Nitafuta ukinieleza hili kwanza." Akatoa karatasi mfukoni. "Umeandika 'ukakasi'. Neno moja. Mimi nimesimama siku nne kwa miguu yangu, nachagua jani kwa jani, wewe unanipa neno moja?"

"Hata ningekuandikia juzuu nzima, ukakasi ungebaki ukakasi."

"Onja tena."

"Nimeonja mara tisa."

"Basi onja ya kumi, iwe ya sunna."

Bi Karani, mama mtu mzima aliyetunza makopo ya sampuli na kuandika matokeo, alijifanya anahesabu vifuniko ili asionekane anacheka. Mzee Funda akapima majani, akamimina maji, wakasimama wote watatu wakiingoja saa. Dakika sita za ugomvi ni ndefu kuliko dakika sita za kawaida. Chai ilipojichuja, ilikuwa nyekundu iliyokaribia weusi. Alivuta funda lake, akatema, akampa mdogo wake kijiko.

Mdogo wake akavuta naye. Uso ukamkunjamana kama wa mtu aliyeng'ata ganda la ndizi mbichi. Akatafuta pa kutemea, akasukumiwa ndoo.

"Hii siyo chai yangu."

"Lebo ni ya mkono wako."

"Nyumbani haiko hivi!"

"Nyumbani unaonja kwa mapenzi. Hapa unaonja kwa ulimi."

Neno hilo lilimkata yule bwana kuliko alivyokusudia kaka yake. Aliketi juu ya kasha tupu, akashika tama. Walikuwa wawili tu waliobaki katika nyumba ya baba yao, mmoja akarithi mlima, mwingine akarithi ulimi, na miaka yote hiyo mlima haukuwahi kuuomba ulimi hisani.

"Haya, niambie nifanye nini," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye mjuzi. Sitaki unipendelee. Nataka unielekeze."

Laiti kaka yake angalinyamaza! Lakini mtu akiombwa ujuzi wake hukosa nguvu ya kunyamaza. Mzee Funda akaeleza. Jani likiviringishwa hupasuka na kutoa utomvu, na utomvu ukikutana na hewa jani hugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Hapo ndipo chai inapopata utamu wake au inapoupoteza. Likikaushwa mapema hubaki na ubichi na ukakasi. Kwa hiyo mdogo wake aliache jani lilale mezani zaidi, aongeze nusu saa, hata robo tatu, mpaka ule ukali ulegee.

"Robo tatu? Baba angelia."

"Baba hakuona ukame kama wa mwaka huu. Ukame huliminya jani likawa kali. Chai zote zinazokuja hapa mwezi huu ni kali. Muulize Bi Karani."

"Ni kweli," alisema Bi Karani. "Wasagaji wanasifiwa wote. Hata wale wa bondeni, ambao chai yao huwa kama maji ya kuoshea kikombe."

Mdogo wake akaondoka bila kufuta miguu.

Alasiri ile Mzee Funda alifunga konzi moja ya sampuli iliyokataliwa ndani ya karatasi, akaenda nayo nyumbani. Mkewe hakuwa na mizani. Alikuwa na birika la udongo lenye mdomo uliomeguka, na kijiko cha sukari. Akachota kijiko kimoja cha majani kwa jicho, akachemsha maji, akamimina, akaenda kuanua nguo, akarudi, akamimina kikombeni.

Mzee Funda akavuta. Akavuta tena, na safari hii hakutema.

Chai ilikuwa tamu bila sukari. Iliingia kwa upole, ikafunguka katikati ya ulimi kwa joto lenye harufu ya asali mbichi na mbao zilizokatwa leo, na mwishoni ikaacha ule mkato mdogo, safi, unaoufanya mdomo utake funda jingine. Hakukuwa na ukakasi hata chembe.

"Umeweka nini humu?"

"Maji," alisema mkewe. "Na majani uliyoleta. Kwani hupikwa na nini kingine?"

"Umefanyaje?"

"Bwana wee! Mtu mzima aliyelipwa miaka thelathini kwa kunywa chai ananiuliza mimi chai hupikwaje?" Akaketi mkabala naye. "Chai ya shemeji nzuri. Kama kazini inakuchomea, basi kazini kwako ndiko kwenye ugonjwa. Au ni wewe."

Tangu siku hiyo akawa hana raha. Alishuku maji, akabeba galoni la maji ya nyumbani kwenda kazini, wapakizi wakamwuliza kama kampuni imekatiwa bomba. Chai ikabaki na ukakasi uleule. Alishuku birika la kazini, likakwanguliwa magamba mpaka likang'aa, na ukakasi haukupungua. Akaacha vitunguu, akaacha pilipili, akasugua meno kwa mswaki wa mti kabla ya kila uonjaji hata fizi zikamchubuka. Akamwendea tabibu wa meno, naye akamwambia kwamba kwa umri wake ulimi huo ni wa kujivunia. Jawabu hilo lilimuudhi kuliko lingine lolote, maana laiti ulimi ungekuwa mbovu, angalau angepata pa kuuelekeza ubaya. Katika sijda zake aliingiwa na mawazo ya vikombe, akarudia rakaa kwa kutojua ameswali ngapi, akamwomba Mola wake msamaha, kisha akaanza tena kufikiri juu ya vikombe.

Sampuli ya tatu ikaja. Rangi yake katika bakuli ilikuwa nzito na ya kiza, lakini alipoivuta haikumkwaruza popote. Ilikuwa laini, nene, imetulia. Alijihisi kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Akasema, "Pokea," na Bi Karani akaandika kabla hajabadili nia. Mdogo wake alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa.

"Nilikuambia Baba angelia! Basi leo analia kwa furaha. Nalaza jani lote namna hii, Kaka. Makasha arobaini."

"Na yale ya zamani? Ya sampuli ya kwanza na ya pili?"

"Nimeyauza, yalikuwa yananitia uchungu kuyatazama. Kayachukua yule mama wa mkahawa wa gereji ya malori. Yeye huchemsha chochote."

Makasha arobaini yakateremshwa, yakapangwa stoo, na siku ya kujaza kopo jeusi ikawekwa: Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo Bi Karani alimjia Mzee Funda na uso wa mashtaka.

"Mzee, humu ndani mna mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa sampuli. Kopo moja hutosha vikombe ishirini, ndivyo lilivyotosha tangu nilipoajiriwa. Siku hizi linaishia kumi na tatu. Nimeyahesabu makopo sita. Yote kumi na tatu. Sitaki kumtaja mtu, lakini yule mlinzi ana birika lake kule getini, na siku hizi amenenepa."

Mzee Funda alitaka kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Mwizi gani huiba kipimo kilekile katika kila kopo? Akachukua majani aliyokwisha kuyapima kwa ajili ya kikombe cha asubuhi, akayatia katika karatasi, akateremka ngazi mpaka ukumbi wa wapakizi, ambako palikuwa na mizani ya umeme ya kupimia pakiti. Akayaweka juu. Tarakimu nyekundu zikayumba, zikatulia: gramu nne na nukta mbili.

Akarudi juu, akaichukua sarafu kutoka kwenye kitanga, akaigeuza. Ilikuwa na thamani ileile na nembo ileile. Lakini ilikuwa mpya, nene, kingo zake bado zina meno.

Hapo akakumbuka, na kumbukumbu ikampiga kama mlango uliofunguliwa na upepo. Ijumaa moja, wiki kama sita zilizopita, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama mlangoni kwake akiomba. Yeye alipapasa mfuko wa kanzu, akaukuta mtupu. Aliona haya kumrudisha mtu mikono mitupu siku kama ile, tena yeye mwenyewe akiwa na udhu. Macho yake yakaangukia mizani. Akaichukua sarafu kuukuu, nyembamba kama ukucha kwa kusuguliwa na mikono ya miaka, akampa yule mama, akaombewa dua. Alasiri alipopata chenji, akarudisha kitangani sarafu ya thamani ileile. Alidhani sarafu ni sarafu. Hakujua kwamba wanaozitengeneza waliziongeza unene. Alikuwa ametoa sadaka jiwe la mizani.

"Innalillahi," alisema, akaketi.

Bi Karani alielewa upesi kuliko alivyotarajia. Akachukua makopo yaliyobaki na masalia ya sampuli zote tatu, akateremka nayo mwenyewe, akayapima kwa ile mizani ya umeme, gramu mbili na nukta nane kila kikombe, akarudi akachemsha maji.

Sampuli ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa chai bora kabisa iliyopata kupita juu ya ulimi wake kutoka mlima ule, bora hata kuliko za siku za baba yake. Ule uhai wote alioufahamu kwenye birika la mkewe ulikuwamo, na zaidi. Aliitema kwa sababu ya mazoea, kisha akajuta kuitema.

Ya tatu, ile aliyoipokea, ilikuwa chapwa. Jani lilikuwa limelala mezani mpaka likafa. Mkato haukuwamo, harufu haikuwamo, kilichobaki kilikuwa rangi tupu na ladha ya mkate wa juzi. Ni uzito wa majani tu ulioufanya ule uchapwa uonekane kama unene. Mdogo wake alikuwa ameiharibu chai yake kwa mikono yake mwenyewe, kasha baada ya kasha, kwa kumtii kaka yake.

"Mzee," alisema Bi Karani taratibu, akifuta kijiko ambacho kilikuwa kikavu, "mimi leo sijaona kitu."

"Una maana gani?"

"Nina maana sampuli imepita. Imeandikwa. Makasha yako stoo. Mdogo wako wa mlimani ana furaha. Sarafu kuukuu zipo, hata mimi ninayo moja kwenye mkoba, naiweka hapa sasa hivi, msimu ujao unamwambia alaze jani kama zamani, na hakuna mja atakayejua. Wanywaji wataona imepoa kidogo. Watasema ukame."

Hakuna alichowahi kutamani kama alivyotamani hilo. Kunyamaza kulikuwa na sura ya huruma. Kusema kungemvunja mdogo wake mara ya pili, na safari hii si kwa kosa la mizani bali kwa chai mbovu kweli. Alikwenda msikitini kwa adhuhuri na rai hiyo kichwani, akasimama safu ya pili, na imamu alipotoa salamu bado alikuwa akibishana nayo. Kisha akawaza juu ya mtu asiyemjua, ameketi mahali fulani na kopo jeusi mbele yake, analifungua kwa kuwa analiamini. Alirudi, akapita chumba cheupe bila kuingia, akabisha kwa meneja.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo aliyependa mambo yafupishwe. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wiki sita tumekuwa tukionja uongo."

"Wiki sita na siku tatu."

"Kwa ajili ya sadaka."

"Kwa ajili ya uzembe wangu, mama. Sadaka haina kosa."

Alisugua kipaji cha uso. "Za wasagaji nitajua la kufanya. Hayo makasha arobaini yanarudi mlimani leo. Yale mazuri yako wapi?"

"Yameuzwa."

"Ukipata hata mawili kabla ya Jumamosi, nitajaza makopo machache na mkataba utaendelea. Usipopata, kopo jeusi limekwisha. Na ataonja Bi Karani. Wewe chai ya ndugu yako huigusi tena."

Alipanda mlimani kwenye lori lilelile lililorudisha makasha, ili mdogo wake asiyaone kabla ya kumwona yeye. Banda lilinukia tofaa lililopondwa, harufu ya jani linalogeuka. Mdogo wake alikuwa ameinama juu ya meza ndefu, akiligeuza jani kwa viganja vyote viwili kama anayekanda unga. Alimsikiliza akiwa ameinama vivyo hivyo. Mikono ndiyo iliyosimama.

"Rudia," alisema.

Mzee Funda akarudia.

"Yaani ile ya pili ilikuwa nzuri."

"Haijapata kutokea mfano wake."

"Nami nilisema. Nilisimama chumbani kwako nikasema, 'Hii siyo chai yangu.'"

"Ulisema."

"Ukanijibu naonja kwa mapenzi!" Alipiga meza, majani yakaruka. "Sadaka umetoa wewe, Kaka, thawabu umechukua wewe, na mfuko ulikuwa wangu! Hata mizani yako imejua kunitafuta mimi! Kwa nini hukumpa yule mama kofia yako? Kwa nini hukumpa viatu?"

"Nipige, kama itakusaidia."

"Nikupige, kisha watu waseme nimempiga mzee." Alifuta mikono kwenye aproni, akang'oa funguo ukutani. "Twende kwa huyo mama wa mkahawa. Usiseme neno njiani. Hata moja. Maneno yako ya moja moja nimeyachoka."

Mkahawa ulikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa gereji, na ndani yake sufuria ya kiasi cha kuogeshea mtoto ilikuwa ikitokota juu ya moto tangu alfajiri, majani, maziwa na sukari vyote pamoja. Mwenyewe, mama mnene mwenye upawa, hakuwauliza wanataka nini. Aliwawekea vikombe viwili. Mafundi kando walikuwa wakinywa kwa kelele kuliko hata kelele za Mzee Funda.

"Tumekuja kununua yale majani, shangazi," alisema mdogo wake. "Yaliyobaki."

"Kunyweni kwanza. Hapa mtu haongei kavu."

Mzee Funda alikunywa. Chai bora kabisa ya maisha yake ilikuwa imechemshwa saa sita. Haikubaki na kitu cha kuitambulisha. Alitaka kulia, akameza.

"Nzuri?" aliuliza mama.

"Ya moto," alisema Mzee Funda. Hakuweza kusema uongo, wala hakuweza kusema kweli.

"Siuzi. Yamebaki makasha matatu na wateja wangu ninao."

"Tukubadilishie," alisema mdogo wake. Akatoa mfukoni konzi ya majani yaliyorudishwa. "Chemsha haya."

Mama aliyatazama kwa dharau, akayatupia katika sufuria ndogo, akapika. Chai ikatoka na rangi ya tofali. Akaionja kwa upawa, akaionja tena.

"Mbona hamkuniletea haya tangu mwanzo? Hii ndiyo chai! Ile yenu nyingine nilikuwa natia konzi tatu ipate sura. Nipeni matano, mchukue mawili."

"Na la tatu?"

"La tatu nimeshalifungua. Ndilo mnalokunywa."

Mdogo wake akacheka, kicheko kikavu kilichokatika ghafla, kama cha mtu aliyejigonga kidole. Makasha thelathini na tano yalikuwa bado yanamngoja yeye na wasagaji, na wote wawili walijua hivyo.

Ijumaa asubuhi waliketi kwenye benchi nje ya chumba cheupe. Makasha mawili yalikuwa ndani. Mdogo wake aliyabeba mwenyewe ngazi zote, mojamoja, na kaka yake aliponyoosha mkono kusaidia alipitwa kama nguzo. Mlango ulifungwa. Walisikia maji yakimiminwa, vifuniko vikiwekwa, kisha kimya cha dakika sita. Mzee Funda hakuwahi kukaa upande huu wa mlango. Hakujua aiweke wapi mikono yake.

Ndani, Bi Karani akavuta funda. Lilikuwa dogo kuliko lake, lakini kali.

Mdogo wake aligeuka, mara ya kwanza tangu siku ile ya banda. "Hilo ni la kukubali au la kukataa?"

Mzee Funda alijua. Miaka thelathini na moja ilitosha kumjulisha kwa sauti tu. Neno lilimfika mpaka kwenye meno.

"Ngoja aseme mwenyewe," alisema.

Wakangoja. Funda la pili. Ndoo ikalia. Mlango ukafunguliwa, Bi Karani akatoa kichwa, akamtazama mwenye chai, si mwonjaji.

"Imepita," alisema. "Nimeandika mistari mitatu, maana nimeambiwa hutaki neno moja."

Mdogo wake alisimama, akaichukua karatasi, akaisoma mpaka mwisho midomo ikimchezacheza, akaikunja mara nne. Akaanza kushuka ngazi. Katikati akasimama, bila kugeuka.

"Jumapili hii usije kwangu, Kaka. Bado sijawa mtu wa kukaa nawe."

"Sawa."

"Ijayo, mwambie shemeji aje na birika lake. Na wewe uje naye, kama hutakuwa na neno la kusema."

Hatua zake ziliendelea kushuka. Mzee Funda alibaki kwenye benchi, kinywa chake kikiwa kikavu, mpaka wapakizi wa chini walipoanza tena kugongelea makasha misumari.